Mwaka Tulishusha Moto ya Mbusa

Balinipigia simu asubui, ata chai sijamaliza, ya kama Paluku amekufa kule Beni. Paluku alikuwa kaka mukubwa wa Mbusa, na Mbusa alikuwa bwana yangu, ule alikufa zamani, wakati mimi ningali na meno yangu yote. Batu banafikiri mutu akizeeka anazoea kifo. Aka! Anazoea paka kuvaa viatu haraka, ni ile tu. Nilipanda taksi, nikafika ku kilio, nikakaa ku mukeka na bamama bengine, na pale binti mumoja wa Paluku, ule alisoma mpaka universite, akaniinamia ku sikio, lakini na sauti ya mutu mwenye kusoma, bote bakasikia: "Mama Kahindo, ni kweli ile papa alikuwaka anatuambia, ya kama ulikata moto, ile pikipiki ya bwana yako, miguu?" Bamama balicheka na mikono ku midomo, kilio ikasimama kidogo. Nilimujibu: "Hapana kukata, mwanangu. Kushusha." Nilitaka kumueleza tofauti, mais bawimbaji balikuwa bamekwisha kuanza, na mutu hashindanake na bawimbaji. Nilirudi nyumbani Butembo na maneno mu tumbo, na maneno ikikaa sana mu tumbo inachacha sawa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndiyo maana ninaandika.

Juu ya baba na mama yangu sitasema kitu, wala juu ya kule nilizaliwa. Mimi nilisoma mpaka ya tatu primaire, mukono yangu inachoka haraka, donc nitaandika mwaka moja tu, ile mwaka nilivaa nguo nyeusi. Tulikuwa tunapanga ku mutelemuko wa Furu, hapa Butembo, nyumba ya mbao, mabati juu, vyumba mbili. Chumba ya nyuma ilikuwa yetu. Chumba ya mbele ilikuwa ya moto. Ninasema kweli: meza, kiti moja, picha ya Bikira Maria, na moto. Haikuwa moto sawa hizi za ba motard, banapandisha batu batatu na mbuzi. Ilikuwa moto ya safari, ya mutu anazunguka dunia. Muzungu mumoja alitokea nayo Uganda na masanduku ya chuma pande zote mbili, akafika hapa ikaanza kukohoa, akachoka nayo, akamuuzia Mbusa, akapanda ndege. Mbusa aliitengeneza pole pole mpaka ikaacha kukohoa. Na ilikuwa murefu! Kiti yake ilipita kitovu yangu. Mimi Nyamuhanga, Mungu Muumba, aliniumba na udongo ile ilibakia ku mikono. Mbusa yeye alikuwa sawa mukaratusi. Alirusha muguu tu, amekwisha kuwa juu. Kiisha ananinyanyua na mukono moja sawa mutu ananyanyua bidon ya maji, ananiketisha nyuma yake.

Sasa, kitu ile banamuke ba pale habakujua ni hii. Nyumbani Mbusa alikuwa mutu wa kunyamaza. Unamuwekea bugali na sombe, majani ya muhogo, anakula, anasema "Wasingya", ni kusema asante, anaenda kulala. Siku ingine nilifikiri nimeolewa na mulango. Mais ku moto! Tulikuwa tunaendaka Lubero kutafuta birayi, bile viazi bya mulima, ao Kipese juu ya maharagi, ao mpaka soko ya Kirumba, na tukishatoka tu mu mji, maneno inaanza kumutoka sawa maji ku mabati. Anageuza kichwa kidogo, anapigia upepo kelele: namna alianguka mu kisima ya mapadri akiwa mutoto, namna atajenga nyumba ya matofali, namna ananipenda. Ile ya mwisho alinisemeaka ku moto tu, na ku mupando ya Lubero tu, mahali moto inaenda pole. Sikuwa ninaona uso wake. Niliona koti na masikio. Tukirudi, akizima moto mbele ya mulango, na maneno inazimika. Leo ningali ninajiuliza kama alikuwa na haya ya macho yangu. Pengine baume bengine baliumbwa vile, bakikuangalia habaoni cha kusema, lazima bakugeuzie mugongo. Wakati tumbo ilimushika na akaenda mbele juma haijaisha, batu balilia Mbusa. Mimi nililia Mbusa na nafasi ya nyuma yake. Mutoto hatukupata. Nilibakia na moto.

Tulimuzika Beni, kwabo. Kiisha maziko familia ilikaa mu kiwanja kusema juu ya bintu byake, kila kitu inatajwa mbele ya bote, na mujane anakaa chini ku mukeka, anasikiliza. Koti ilipata mwenyewe, redio ikapata mwenyewe. Bakafika ku moto. Paluku alisimama. Hakuwa mutu mubaya, na ningesema vile ata kama angekuwa muzima: alikuwa anabeba kakao ya batu kutoka mashamba, moto yake ilikuwa imekufa, batoto balikuwa mingi. Alisema, "Moto ni miguu. Miguu haikalake mu nyumba. Shemeki Kahindo atafanya nayo nini? Ataitandikia kitambaa?" Batu balicheka. Tantine Masika, shangazi yao, muzee wa pekee ule bote baliogopa, akasema, "Anakaa pale, ana kinywa, mumuulize." Baliniuliza. Sijue sauti ilitoka wapi. Nilisema, "Nitaiendesha mimi." Eh, ile kicheko! Kijana mumoja akasema miguu yangu itaning'inia sawa ya mutoto ku kiti ya kinyozi. Tantine Masika alingoja bamalize, kiisha akakata maneno: "Ni sawa. Siku ya kutosha kilio, ya kuvua nguo nyeusi, mwaka ikishapita, kama Kahindo anafika hapa juu ya ile moto, yeye peke yake, bila mutu wa kumushika, moto ni yake na sitaki kusikia tena kinywa ya mutu. Kama anafika mu taksi, Paluku ataenda kuichukua." Paluku alitikisa kichwa, akaniangalia miguu, akatabasamu. Ku roho yake moto ilikuwa imekwisha kufika Beni.

Ile mwaka nilijifunza ya kama bugali ya mutu mumoja haikubali. Ukitia maji kidogo, unga inaungua; ukitia mingi, unakula mpaka kesho yake. Mukono yangu ilizoea kupima ya batu babili, na kila magaribi nilitosha sahani mbili, kiisha nikarudisha moja. Nilikuwa ninakula mu chumba ya mbele, kiti yangu mbele ya moto, kwa sababu mu chumba ya nyuma kulikuwa baridi ya kitanda. Butembo iko na baridi ya mulima, na baridi ya kitanda ya mujane ni ingine tena, haiogope mablangeti. Nilikuwa ninaipanguza moto na kitambaa, ninaielezea habari ya soko, bei ya mafuta, nani ameolewa. Haikujibu, mais ata Mbusa mwenyewe mu nyumba hakujibuka. Ukuta ilikuwa mbao tu, ngambo kulikuwa fundi wa viatu na bibi yake, na siku moja niliwasikia. Bwana aliuliza, "Ule anaongea na nani?" Bibi akajibu, "Na moto." "Na inamujibu?" "Na weye, unanijibuka? Afazali moto. Haikunywe, haioe bibi ya pili, haikojoe ku ukuta." Nilicheka mpaka nikaweka sahani chini. Kiisha nikatafuta mutu wa kumuambia ile mucheko, na hapakuwa mutu. Pale ndiyo nilijua upweke ni nini. Kulia peke yako ni kitu inawezekana, batu bote banaliaka peke yabo. Kucheka peke yako, aka.

Kuendesha mwenyewe nilijua kidogo. Mbusa alinifundishaka ku moto ndogo ya rafiki yake, kule Kirumba, mu kiwanja ya mupira. Vitesi, zile gia, nilijua, freni nilijua. Donc kazi haikuwa kuendesha. Kazi ilikuwa kusimama. Moto ikienda, ni mwepesi, ni ndege. Ikisimama, inatafuta miguu ya mwenyewe, na miguu yangu ilikuwa inacheza mu hewa. Na Butembo ni mji gani? Ni mupando na mutelemuko, chukudu, ile baiskeli ya miti ya kubeba muzigo, inakuya na mbao, mbuzi inakatisha, polisi ananyoosha mukono. Mara ya kwanza nilifika mpaka ku njia ya mafundi, mutu alinisalimia, nikasimama juu ya eshima, nikaanguka juu ya eshima. Moto ilinilalia muguu. Baliinua moto kwanza, mimi nyuma.

Nilienda kwa muzee Katembo. Alikuwa mekano, fundi wa moto, kando ya barabara ya Beni, muzee wa kanisa ya Baprotestanti, mutu wa majivuno mingi na mikono ya mafuta. "Wabukire, muzee." "Wabukire, mama. Moto inagonjwa nini?" Nikasema haigonjwe, iko murefu, ninataka aishushe. Kiisha akaita mafundi bote ba pale: "Bandugu, kuyeni musikie huyu mama!" Juu lazima mujue, kwetu Butembo moto mupya ikitoka tu mu kartoni, inapelekwa kwa mekano ku kupandishwa. Banatia resori, ile springi, ya nguvu, banaongeza chuma ya nyuma, kwani kazi ya moto ni kubeba: makala, saruji, birayi, kitanda, ata maiti. Kila mekano anajua kuinua. Kushusha, hakuna mutu aliisha kuomba. Ni sawa kwenda kwa fundi wa nyumba kumuambia, punguza nyumba yangu. Katembo alifuta machozi ya kicheko, akasema, "Mama, moto hapa haishukake. Afazali tupandishe weye."

Na ni vile tulianza, sicheki. Fundi wa viatu, ule jirani yangu, alinikatia viatu na soli ya pneu, tairi ya lori, nene sawa mukate. Nilivaa, nikawa mwanamuke murefu kwa siku moja. Soli ilikwama mu pedali ya vitesi mbele ya paroise, wakati misa inatoka, na Bakatolike bote baliona mujane akilala mu njia na nguo nyeusi. Paroko alisema, "Kahindo, Mungu anakuona." Nikasema, "Padri, na batu pia." Kiisha Katembo akafungua kiti, akatosha sponji karibu yote. Kiti ikakuwa ngumu sawa benchi ya katekismu, na miguu bado haikufika. Alianza kukasirika. Haikuwa tena mambo yangu, ilikuwa mambo yake na ile moto. Siku moja alilala chini yake na toshi, akakaa kule mpaka nikafikiri amesinzia, kiisha akatoka na uso ya mutu ameona malaika. "Bielete!" akasema. Nikasema ni nini. Akanivuta chini, na nguo yangu ya kilio, akanionesha: bipande bibili bya chuma, fupi sawa mukono ya kijiko, moja huku, moja kule, binaunga mukono ya gurudumu ya nyuma na chuma yenye kusukuma amortisere, ile springi inabeba mugongo ya moto. "Ukitia birefu kidogo," akasema, "mugongo ya moto inainama." Na akaongeza, "Bakatolike mutaniombea kuwa mutakatifu."

Alikata bipande mu resori ya lori ya zamani. Ile chuma ni ngumu, lazima kuiingiza mu moto ya makala, kuiacha ipoe pole, ndiyo vrila, ile keekee ya kutoboa, inakubali kupenya. Alitoboa tundu akiimba nyimbo ya kanisa, na alikuwa anapoteza hesabu ya tundu kila mara wimbo inafika ku kiitikio. Ya kwanza haikulingana: moja ilipita ingine kidogo tu, na moto ikatembea upande sawa mbwa. Nilimuambia. Alisema ni barabara. Nilimuambia tena. Alisema ni macho ya mujane, inajaa machozi. Nikamuambia apande mwenyewe. Alienda mpaka ku daraja, akarudi kwa miguu akiisukuma, akatupa ile bipande mu majani na akaanza bingine. Ile nilimupendea.

Siku ya kutia bya kweli, alitega moto juu ya magogo, akatosha bya zamani, akafunga bipya, na mbele akashusha fourche, chuma mbili zinashika gurudumu, vidole viwili ili isitazame mbingu. Kiisha tukatosha magogo. Moto ilipiga goti. Ilishuka pole, sawa ng'ombe anataka kulala, ikasimama. Katembo akasema, "Panda." Nilipanda mwenyewe, bila kibao ya kukanyaga, bila mukono ya mutu. Niliangalia chini, nikaona viatu vyangu vyote viwili vimelala ku udongo, kisigino na vidole. Mafundi balipiga mikono. Katembo alikuwa anainama sawa askofu. Na mimi machozi ilianza kushuka, na balifikiri ni furaha, nikawaacha bafikiri vile. Nilikuwa nimeona kitu: Mbusa hawezi tena kupanda hii moto. Kama angefufuka ile saa, akuye na koti yake, arushe muguu, magoti yake ingegonga guidon, ile usukani. Nilikuwa nimepigana miezi yote ile nisitoshwe kitu ya bwana yangu mu mikono, na pale, na chuma ya lori, nilikuwa nimemutosha mwenyewe.

Tulisahau bekiye. Ni chuma ile moto inasimamia ikilala upande. Moto imeshuka, bekiye ingali murefu, donc moto haikulala tena upande, ilisimama wima sawa mutu anaitwa mbele ya juji. Magaribi nilikuwa ninachambua mboga ya lengalenga, nikapiga chafya, moto ikaanguka ku ukuta ya jirani. Ngambo nikasikia bibi wa fundi: "Leo bwana yake amelewa!" Katembo aliikata na kuiunga tena kesho yake, akisema ni vile alikuwa amepanga tangu mwanzo.

Kiisha pale nilianza kutembea, siku ya Mungu, mu kiwanja ya shule, kiisha ku barabara ya Musienene, kiisha mu soko. Ninaenda, ninasimama. Ninasimama juu ya kila kitu, ata bila sababu, juu tu ya kuweka miguu chini. Batu balizoea. Mais kitu moja sikuizoea. Mbele yangu hapakuwa tena koti wala masikio, palikuwa njia tu, na upepo ilikuwa inanipiga mu kinywa bila kusema neno. Ku mupando ya Lubero niliendesha pole kabisa, sawa yeye, nikangoja. Mujinga mimi. Yeye aliongea kwa sababu mimi nilikuwa nyuma. Sasa mimi nilikuwa mbele, na nyuma yangu palikuwa hewa. Nilijaribu kuongea mwenyewe, kugeuza kichwa kidogo na kupiga kelele sawa yeye. Nilisema habari ya bei ya birayi. Ilinitoka vizuri, ninakubali. Nilifahamu kidogo kwa nini alipenda.

Siku ya kutosha kilio ikafika. Mujane hafikake kwa bakwe mikono mitupu, donc Katembo alinifungia nyuma mufuko ya maharagi ya Kipese, bidon ya kasiksi, na kuku mu kikapo. Alifunga sawa tunafungaka Butembo, mpaka moto inalia. Na pale ndipo kosa yetu ilikuwa. Tulikuwa tumeijaribu siku zote na mwanamuke mudogo juu yake, tumbo yenye lengalenga. Sisi batu tunapandisha moto zote juu ya muzigo, tukashusha hii moja, na hakuna mumoja aliwaza muzigo. Kupita Maboya, ku tundu ya kwanza, nilisikia kitu inasugua. Ku ya pili nikasikia harufu ya pneu. Ku mupando ya Kabasha moto ilikataa kwenda, moshi inatoka nyuma, kuku inapiga kelele, na mvua ya jana imeacha njia sawa uji. Nilisimama. Gurudumu ilikuwa imepanda mpaka ku gardebu, ile chuma inazuia tope, inaikula.

Motard mumoja akasimama, kijana wa Beni, mwenye kucheka. "Mama, acha hii mambo. Muzigo nibebe mimi, na weye panda hapa, na moto tutaituma mutu." Alisema na roho muzuri. Nilimuangalia, na mufuko ya maharagi, na njia. Kama ninaacha muzigo, ninafika kwa bakwe sawa muizi. Kama ninapanda nyuma ya huyu, Paluku anachukua moto na Mbusa anakufa mara ya pili, mara hii kwa mikono yangu. "Uko na familia ku Beni?" akaniuliza. "Kuko bakwe." "Ah," akasema, na akashusha sauti, "basi fanya haraka, mama, bakwe habangojake." Akaenda. Nilifungua sanduku, nikatosha bifunguo bya Mbusa, nikapiga magoti mu tope, nikafungua gardebu nzima, boloti moja kiisha ingine. Moja ilikataa, nikaipiga na jiwe. Gardebu nikaifunga juu ya maharagi, sawa kofia. Gurudumu ikapata hewa. Nikaenda. Mais moto bila gardebu, mu tope, inatupia mwenyewe tope yote ku mugongo. Kutoka Kabasha mpaka Beni, nchi yote ilinipanda mugongoni, mu shingo, mu nywele.

Niliingia mu kiwanja batu bote bamekwisha kukaa. Tantine Masika akauliza, "Huyu nguruwe ni nani?" Mutu akamujibu, "Ni Kahindo." Nilizima moto. Niliweka miguu chini, yote mbili, nikakaa vile kidogo, na ile mara hakuna mutu alicheka. Paluku alikuya, akaizunguka, akaangalia maharagi, bidon, kuku, gardebu. Akasema, "Shemeki, shuka nione." Akarusha muguu sawa kaka yake, na nilifunga macho, juu walirushaka muguu namna moja. Nilipofungua, Paluku alikuwa juu ya moto na magoti yake karibu na masikio, sawa panzi. Kiwanja yote ikaanguka na kicheko, tantine Masika mwenyewe alishika tumbo. Paluku alishuka. Hakukasirika. Alisema, "Ni kweli amefika. Mais moto banaishusha, banaipandisha. Hapa Beni mekano bako. Bipande bya kwanza, shemeki, biko wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kama bya zamani binarudi mahali pabyo, moto ingekuwa tena ya mutu murefu, na mimi tena mutu wa kunyanyuliwa.

Nilikuwa nabyo mu sanduku. Katembo alikuwa amebisafisha na mafuta, akabifunga mu kitambaa. Kwabo, siku ya kutosha kilio, mujane anarudisha mu mikono ya bandugu kitu moja ya marehemu, ao koti, ao fimbo, na kiisha pale hapana mutu anamudai kitu. Nilitosha ile bipande bibili, nikabiweka mu mikono ya Paluku. Nilimuambia, "Hii ndiyo urefu wa ndugu yako. Chukua. Ile ilibakia ni yangu." Paluku alibipima mu mikono, moja huku, moja kule, sawa mutu anapima samaki. Alitaka kusema mambo ya mekano, nilimuona anaanza, kiisha akaacha. Ku maziko Paluku hakulia. Alikuwa mukubwa, alikuwa anapanga batu na kupima jeneza. Pale alikaa chini mu tope, na ile bichuma ku kifua, akalia ndugu yake mbele ya batoto yake. Tantine Masika akasema pole, "Imekwisha. Mumupe maji aoge."

Banamuke balinivua nguo nyeusi, tope na yote, balinimwangia maji ya moto, balinivalisha kitenge mupya ya manjano. Tulikula kuku na bugali, nilikula mingi. Tantine Masika alisema, "Lala hapa, mwanangu, kule Butembo uko na nani?" Nikamujibu jua ingali juu. Nilifunga gardebu mahali pake, muzigo haikuwako tena, nikatoka mu kiwanja pole pole, batoto banakimbia nyuma mpaka ku kona, kiisha banarudi. Ku barriere ya kutoka Beni, kamba yenye kufunga njia, njia ilikuwa tupu. Soda mumoja, askari, mutu wa mbali, mwenye Lingala mu Kiswahili, alisimama mbele ya kamba, akaangalia kitenge yangu mupya, akaangalia moto, akainama kuangalia kiti ya nyuma.

"Mama, unabeba nani?"

"Hapana mutu," nikasema.

"Basi, pita."

Akashusha kamba, nikapita.